UZI: Mpiganaji wa upanga na matamko kwa kanuni za bure, kampeni ya visiwani Ziwa Victoria

#1 MtuWaNyegezi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Meza yetu ya Nyegezi ina watu watano pamoja na msimamizi. Tunaanza kampeni mpya, yaani hadithi ya vikao vingi, ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons. Mandhari yake ni ziwa: visiwa, mapango katikati ya majabali kama haya yetu ya Mwanza, wavuvi wa dagaa wanaopotea usiku na karabai zao. Kanuni ni za toleo la tano la mwaka 2014, zile zilizoachiwa huru Januari 2023 kwa jina la SRD 5.1, kwa sababu hizo kila mtu anaweza kuzipakua na kuziprinti bila kununua kitabu. Tunaanzia ngazi ya 1 na msimamizi anatarajia tufike ya 8.

Ninachotaka ni mhusika anayesimama mbele na upanga, huku akitumia matamko ya Wizard, fani ya msomi wa matamko. Naomba mnisaidie mambo matatu: nianze na fani ipi, nishike silaha gani, na matamko yapi yananifaa mtu ambaye Akili yake haitakuwa kubwa sana.

Kuhusu maneno: mezani kwetu tunasema "tamko", hatusemi "uchawi". Huku Usukumani watu wamepoteza wazazi wao kwa kusingiziwa neno hilo, na hatulitaki kwenye mchezo. Majina ya matamko na ya fani nimeyaacha kama yalivyo kitabuni ili mtu akitafuta ayakute.

#2 Mzee_wa_Dadu

Karibu mkuu. Tuanze na kitu ambacho wengi hukwamia. Tawi la Fighter (fani ya mpiganaji) linalojulikana kwa upanga na matamko ni Eldritch Knight, na hilo halimo kwenye kanuni za bure. Humo kila fani imepewa tawi moja tu: Fighter kapewa Champion, Wizard kapewa Evocation. Kwa hiyo njia yako ni kuchanganya fani, Fighter na Wizard. Masharti ni Nguvu au Wepesi 13, pamoja na Akili 13.

Ngazi ya kwanza kabisa lazima iwe Fighter. Ukianza Wizard halafu ukahamia Fighter, unapewa deraya nyepesi, za kati na ngao, lakini deraya nzito hupewi. Ukianza Fighter unapata zote, na unaondoka na chain mail (deraya nzito ya minyororo) mwilini, kinga 16, yaani adui lazima afikishe 16 ili akupige, bila kulipa chochote. Pili, Fighter wa kwanza anapata ustadi wa kujinusuru (dadu ya kuepuka madhara) kwa Ustahimilivu, na huo ndio unaolinda matamko ya kushikilia, yale yanayodumu mradi usipoteze umakini, pale unapopigwa. Ukihamia Fighter baadaye huupati. Tatu, uhai wa mwanzo ni 10 badala ya 6, kabla ya kuongeza Ustahimilivu.

Namba sasa. Kwa utaratibu wa kununua uwezo kwa pointi 27 bei ziko hivi: 8 ni bure, 9 kwa pointi 1, 10 kwa 2, 11 kwa 3, 12 kwa 4, 13 kwa 5, 14 kwa 7, 15 kwa 9. Ona jinsi bei inavyopanda ukivuka 13. Kwa binadamu anayeongezewa 1 kila mahali, nunua Nguvu 15, Ustahimilivu 13, Akili 13, Wepesi 12, Busara 12, Mvuto 8. Hapo ni 9+5+5+4+4+0, yaani 27 kamili. Ukiongeza moja moja unapata Nguvu 16, Ustahimilivu 14, Akili 14, Wepesi 13, Busara 13, Mvuto 9.

Usiipeleke Akili 15 au 16 mwanzoni. Pointi hizo zitatoka kwenye Nguvu au Ustahimilivu, na mtu wa mbele akikosa hivyo viwili hafiki ngazi ya 3.

#3 KamangaFeri

Mzee nakuheshimu, ila kwenye binadamu sikubaliani nawe. Mpigie hesabu half-orc, naye yumo kwenye kanuni za bure: Nguvu +2, Ustahimilivu +1. Nunua Nguvu 14 kwa 7, Ustahimilivu 13 kwa 5, Akili 14 kwa 7, Wepesi 12 kwa 4, Busara 12 kwa 4, Mvuto 8. Jumla 27 vilevile. Ukishaongeza vya asili unapata Nguvu 16, Ustahimilivu 14, Akili 14, Wepesi 12, Busara 12, Mvuto 8.

Weka hizi karatasi mbili pamoja. Nyongeza zinazoingia kwenye dadu ni +3, +2, +2, +1, +1 na -1 kwa wote wawili. Hakuna tofauti hata moja. Lakini half-orc anaona gizani futi 60, na mara moja kwa kila mapumziko marefu akiangushwa hadi uhai 0 anabaki na 1. Tena akipiga pigo kuu (kwa kawaida ni 20 halisi kwenye dadu) kwa silaha ya mkononi anaongeza dadu moja ya silaha. Champion wa ngazi ya 3 anapata pigo kuu kwa 19 na 20, kwa hiyo hilo la tatu litatumika.

#4 Mzee_wa_Dadu

Nimezipitia hesabu zako, ziko sawa. Mapangoni usiku, kuona gizani peke yake kunatosha kuamua. Mleta uzi, chukua half-orc.

#5 binti_igoma

Ndugu zangu, mmeongea namba na asili, ila kinachowaua wapiganaji wa aina hii ni mikono. Naomba niandike kwa urefu kidogo.

Kila tamko lina sehemu zake, na kitabu kinaziandika kwa herufi: V ni sauti, S ni ishara ya mkono, M ni kitu cha kushika. Tamko lenye S linataka mkono mmoja mtupu. Sasa mchukue mtu mwenye upanga kulia na ngao kushoto. Adui anampiga, dadu inasema pigo limeingia, anataka kujibu kwa Shield ili kinga ipande kwa 5. Shield ina V na S. Hana mkono. Tamko muhimu kuliko yote kwenye karatasi yake halimsaidii, tena anagundua katikati ya pambano, wakati wenzake wanamtegemea asimame.

Tena hawezi kujitoa kwa urahisi. Kwa kila zamu unaruhusiwa kugusa kitu kimoja bure: kuchomoa upanga, au kuurudisha alani. Siyo vyote viwili. Akirudisha upanga na kutamka Fire Bolt (mshale wa moto), anamaliza zamu bila silaha mkononi. Adui akimkimbia hawezi kumkata akipita. Zamu inayofuata anachomoa tena, anapiga. Wapo wanaoangusha upanga chini, wanatamka, halafu wanauokota kama ile gusa moja ya bure. Wasimamizi wengi hukubali. Ila kwenye kampeni ya mleta uzi, upanga unaangushwa ndani ya mtumbwi unaoyumba. Ukiteleza ukatumbukia, ndiyo basi.

Kuna funzo la ziada (feat), War Caster, linaloruhusu kufanya ishara ukiwa umeshika silaha na ngao. Limo kwenye kitabu kamili cha 2014, kwenye kanuni za bure halimo. Humo mafunzo ya aina hiyo ni moja tu, Grappler.

Dawa ni greatsword, upanga mkubwa wa mikono miwili. Sifa ya "mikono miwili" inakudai mikono yote miwili wakati wa kupiga tu. Muda mwingine wowote unaachia mkono mmoja, upanga unaubeba kwa ule mwingine, unafanya ishara, unarudisha mkono. Haikugharimu chochote. Unapiga kwenye zamu yako, adui akikujia kwenye zamu yake mkono wako uko tayari kwa Shield. Uharibifu ni dadu mbili za nyuso 6 pamoja na Nguvu.

#6 MtuWaNyegezi

Wabeja sana dada. Nimeona nilipokuwa nakosea. Ila bila ngao si nitabaki na kinga 16 tu? Mtu wa mbele kweli?

#7 binti_igoma

Fighter anachagua mtindo wa kupigana ngazi ya 1. Chukua Defense, inaongeza 1 ukiwa umevaa deraya. Unakuwa na 17.

Sasa mchukue adui mwenye +5 ya kupiga, yaani anaongeza 5 kwenye dadu. Kwa kinga 17 anahitaji 12 au zaidi kwenye dadu ya nyuso 20, yaani nyuso 9 kati ya 20, asilimia 45. Ungekuwa na ngao, kinga 19, angehitaji 14: asilimia 35. Ukitamka Shield ukiwa na 17 unafika 22, anahitaji 17: asilimia 20, na inadumu hadi mwanzo wa zamu yako inayofuata. Kwa hiyo ngao ya mkononi inakupa 2 muda wote, Shield inakupa 5 pale unapoihitaji. Akija mmoja mmoja hutaiona faida, lakini wakikuvamia watatu kwa mara moja, tamko moja linawazuia wote watatu.

Jambo la kumwomba msimamizi: ataje jumla ya pigo. Shield unaitamka baada ya kujua umepigwa. Akisema "17 hadi 21" tamko linakuokoa. Akisema 22 na kuendelea, usiitumie, unapoteza bure nafasi ya kutamka, nazo zinahesabika kwa siku. Na ile 20 halisi ya dadu huingia hata ufanye nini.

#8 FundiKaratasi

Nichangie kwenye matamko, maana Akili 14 ina maana yake. Ugumu wa matamko yako, yaani namba ambayo adui anatakiwa aifikie ili ajinusuru, ni 8 + ustadi 2 + nyongeza ya Akili 2 = 12. Adui mwenye +2 anajinusuru akipata 10, yaani asilimia 55. Zaidi ya nusu ya matamko yako yangepotea hewani. Kanuni ninayoishikilia: usichague tamko linalomuuliza adui swali. Chagua yanayokugusa wewe mwenyewe, au yanayomfikia adui bila dadu ya kujinusuru.

Kitabu cha Wizard wa ngazi ya 1 kina matamko 6. Kwa huyu mhusika ningeandika Shield, Sleep, Magic Missile, Find Familiar, Detect Magic na Fog Cloud.

Sleep ngazi za chini ni kali sana. Unarusha dadu 5 za nyuso 8, wastani 22 na nusu, na jumla hiyo ni uhai wa viumbe wanaolala, kuanzia mwenye uhai mdogo. Hakuna kujinusuru. Tatizo lake: halichagui rafiki na adui ndani ya futi 20 kutoka kitovu, na wafu wanaotembea haliwagusi. Ikifika ngazi ya 5 hivi, maadui wana uhai mwingi na tamko hili linakuwa dhaifu. Liache kitabuni usiliandae tena.

Magic Missile: mishale mitatu, kila mmoja dadu ya nyuso 4 na kuongeza 1, wastani 10 na nusu kwa jumla, haikosei. Greatsword yako nayo ni wastani 10, lakini dhidi ya kinga 15 inaingia asilimia 55. Kwa hiyo Magic Missile iwe ya kummalizia aliyebakiwa na uhai mdogo, au ya kumfikia aliye mbali. Usiitumie kama pigo la kila zamu. Nafasi zako ni za Shield kwanza.

Find Familiar na Detect Magic zote ni za ibada: ukiongeza dakika 10 unazifanya bila kula nafasi, moja kwa moja kutoka kitabuni. Find Familiar inakupa mnyama msaidizi, na bundi ndiye mwenye faida zaidi kwa sababu anaruka akipita karibu na adui bila kupigwa. Anamsumbua adui, pigo lako la kwanza unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa; asilimia 55 inakuwa karibu 80. Najua bundi kwetu ni ishara ya msiba na kuna watakaokosa raha naye mezani. Ongea na msimamizi: mwite mdiria au ndege yeyote wa ziwani, tumia namba za bundi.

Fog Cloud ni ya kutorokea. Inatanda futi 20 kila upande, hakuna anayeona. Ila upepo wa wastani unaitawanya, na ziwani upepo upo. Muulize msimamizi hali ya upepo kabla hujatamka.

Kwenye matamko madogo yasiyoisha (cantrip) chukua Fire Bolt, Light na Mage Hand. Wizard wa ngazi ya 1 anapewa tatu.

#9 NahodhaUkerewe

Nimefuatilia kimya kimya, ila nauliza: kwa nini asiende Paladin, askari wa kiapo kitakatifu? Ni fani moja, deraya nzito, upanga, matamko kuanzia ngazi ya 2.

#10 Mzee_wa_Dadu

Paladin ni imara, ila mleta uzi ametaka matamko ya Wizard, na Paladin hana Shield wala Misty Step wala Sleep. Matamko yake yanategemea Mvuto, inabidi ubadilishe karatasi nzima. Na hata yeye ana kesi ya mikono: nembo takatifu iliyochorwa kwenye ngao inatosha kwa tamko lenye M, lakini tamko lenye S bila M bado linadai mkono mtupu. Wengi hawaijui hiyo.

Swali gumu zaidi ni mpangilio wa ngazi 8. Kuna njia mbili za kweli.

Ya kwanza: Fighter 1, kisha Wizard 7. Ngazi ya 6 unakuwa na Fireball (mlipuko wa moto), dadu 8 za nyuso 6, wastani 28, ugumu 13. Ila unapiga mara moja tu kwa zamu hadi mwisho wa kampeni, na uhai ngazi ya 8 ni 12 + 42 = 54. Huyo ni Wizard aliyevaa chuma. Anafaa sana, lakini upanga ataushika kama pambo tu.

Ya pili: Fighter 5, Wizard 3. Unapiga mara mbili, una Action Surge (tendo la ziada), pigo kuu kwa 19, uhai 12 + 32 + 18 = 62. Nafasi za matamko ni 4 za daraja la kwanza na 2 za daraja la pili. Linganisha na Eldritch Knight wa ngazi ya 8: naye ana 4 na 2 hizohizo! Yeye anakuzidi uhai, 68, na maboresho ya uwezo, matatu kwa moja lako. Wewe unamzidi kwa kitabu: yeye anajua matamko 6, mengi ya shule mbili tu, wewe una 10 kitabuni, unaandaa 5 kila siku na kuyabadilisha, na una ibada. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kanuni za bure zinakupa mhusika wa chini.

Kwa aliyetaka upanga kweli, ni ya pili.

#11 KamangaFeri

Mpangilio naomba niuongezee. Ukienda Fighter 1 hadi 5 moja kwa moja, utacheza ngazi tano bila tamko hata moja, na kampeni nyingi hufa kabla ya hapo. Fanya hivi: Fighter 1, Wizard 1 ukifika ngazi ya 2, kisha Fighter hadi 5, mwisho Wizard 2 na 3. Pigo la pili linachelewa kwa ngazi moja tu, linakuja ngazi ya 6 badala ya 5. Lakini Shield unayo kuanzia kikao cha pili au cha tatu.

Hasara yake uijue: ile ngazi ya 5 wenzako wanapopanda ghafla, wewe utajiona mdogo. Itapita.

#12 NahodhaUkerewe

Haya, basi niongee ninachokifahamu, maji. Kampeni hii itapiganwa ndani ya maji mara kwa mara, na kanuni zake ziko wazi.

Kiumbe asiye na mwendo wa kuogelea akipiga kwa silaha ya mkononi chini ya maji anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Zinazosamehewa ni kisu, upanga mfupi, mkuki, mkuki mwepesi wa kurusha na ule wa meno matatu. Greatsword haimo. Silaha za mbali ni vilevile, isipokuwa upinde wa mtambo, wavu, na za kurusha kama mkuki. Aliyezama kabisa anapata nusu ya uharibifu wa moto, kwa hiyo Fire Bolt yako inakatika. Magic Missile haipungui hata chembe.

Kwa hiyo kwenye vifaa vya kuanzia vya Fighter, unapoambiwa "silaha moja na ngao, au silaha mbili", chukua mbili: greatsword na mkuki wa meno matatu. Na pale pa kuchagua kati ya upinde wa mtambo na vishoka viwili, chukua upinde na mishale yake 20. Tayari umejipanga nchi kavu na majini bila kutoa sarafu.

Kuogelea kunakula mwendo mara mbili, futi 30 zako ni 15. Pumzi ni dakika 1 na kuongeza Ustahimilivu, kwako dakika 3. Chain mail inachukua dakika 5 kuvua, kwa hiyo ukitumbukia nayo usitegemee kuivulia majini.

Ukifika Wizard 3, andika Alter Self. Inakupa kupumua majini na mwendo wa kuogelea sawa na wa kutembea, kwa saa nzima. Watu hudhani faida yake ni pumzi. Soma tena kanuni: adhabu ya silaha ni kwa asiye na mwendo wa kuogelea. Ukishakuwa nao, greatsword yako inafanya kazi chini ya maji kama uko Capri Point barabarani.

#13 binti_igoma

Nahodha hapo umegonga penyewe. Niongeze tahadhari: Alter Self ni la kushikilia. Ukipigwa unarusha dadu ya Ustahimilivu, ugumu 10 au nusu ya uharibifu, ipi kubwa. Ngazi ya 8 una +5, kwa hiyo unapona ukipata 5 na kuendelea, asilimia 80. Lakini kila pigo lina dadu yake. Mapigo matatu kwa raundi moja, nafasi ya kubaki nalo ni kama nusu tu. Likikatika mko mita kumi chini, huna pumzi wala mwendo. Shield ibaki na nafasi zake kwa ajili hiyo.

Daraja la pili lingine ni Misty Step. Ni V tu, haigusi mikono, unaruka futi 30 kwa tendo la nyongeza. Ukilitumia, tamko jingine pekee kwenye zamu hiyo ni lile dogo lisiloisha (cantrip). Misty Step kisha Magic Missile kwa zamu moja hairuhusiwi, ila Misty Step kisha mapigo mawili ya upanga inaruhusiwa.

#14 FundiKaratasi

Jambo dogo: msichanganye kanuni za 2014 na za 2024. Za 2024 nazo zina toleo la bure, SRD 5.2 la mwaka 2025, lakini humo Action Surge haikuruhusu tena kutamka kwa tendo la ziada. Kwa za 2014 inaruhusu. Chagueni moja, muandike juu ya karatasi ya kila mtu.

#15 KamangaFeri

Kwa wasio na dadu za nyuso nyingi: greatsword, Fireball na nyingi nyingine ni dadu za ludo. Kwa ya nyuso 20, andika karatasi 1 hadi 10, kunja, weka kwenye kopo; chomoa moja na urushe dadu ya ludo. Ludo ikiwa 1 hadi 3, soma karatasi ilivyo. Ikiwa 4 hadi 6, ongeza 10. Karatasi irudi koponi na kopo litikiswe kila mara. Ukisahau kuirudisha, namba zilizotoka hazitoki tena na hesabu zote za binti_igoma zinaharibika. Ya nyuso 4, rusha ludo na urudie ukipata 5 au 6. Ramani ni daftari la hesabu la visanduku, kila kisanduku futi 5, wahusika vizibo vya soda.

#16 MtuWaNyegezi (mleta uzi)

Wakuu, hii ndiyo karatasi ya ngazi ya 2. Nikosoeni.

Half-orc, Fighter 1 Wizard 1. Nguvu 16, Wepesi 12, Ustahimilivu 14, Akili 14, Busara 12, Mvuto 8. Chain mail, Defense, kinga 17. Uhai 12 + 6 = 18. Greatsword +5, dadu 2 za nyuso 6 na 3. Mkuki wa meno matatu, upinde wa mtambo. Asili ya maisha Acolyte, sarafu za dhahabu 15. Nafasi 2 za daraja la kwanza. Nimeandaa Shield, Sleep, Magic Missile na Find Familiar. Sarafu nataka kununua mfuko wa vifaa vya matamko.

#17 FundiKaratasi

Namba za mwili ziko sawa. Marekebisho mawili.

Unaandaa nyongeza ya Akili 2 na ngazi ya Wizard 1, jumla matamko 3, siyo 4. Itoe Find Familiar. Ibada inafanywa kutoka kitabuni bila kuandaliwa. Na kumbuka Arcane Recovery: mara moja kwa siku baada ya mapumziko mafupi unarudishiwa nafasi moja, kwa hiyo una tatu kwa siku, siyo mbili.

Mfuko ni sarafu 25, huumudu. Usihangaike nao. Find Familiar inakula mkaa, uvumba na majani vya sarafu 10, hizo nunua kwanza. Shield, Magic Missile, Fog Cloud na Detect Magic hazina M kabisa. Kati ya zile sita iliyobaki ni Sleep, na kitu chake hakina bei kitabuni: mchanga laini, petali za waridi au nyenje, unachagua kimoja. Light nayo ina M isiyo na bei, kimulimuli mmoja anatosha. Mwambie msimamizi kwamba kabla ya kupanda mtumbwi mhusika wako anachota mchanga ufuoni na kuufunga kwenye kitambaa, iandikwe kwenye karatasi. Ufunge vizuri, maana hitaji ni mchanga laini wa kunyunyiza, na ukilowa mnaanza kubishana.

#18 MtuWaNyegezi (mleta uzi)

Imeandikwa: kitambaa cha mchanga, kimepakwa nta, kiko shingoni.